Wimbo Uliomtangulia Mtoto

Mzee Wamalwa aliwaita watu waje waisikie sauti yake, na watu wakaja. Walijaa barazani kwa Festus pale Sirisia, nyuma ya duka la mbegu, wengine wamekalia magunia, wengine kreti za soda, kwa sababu Festus ndiye mtu pekee sokoni aliyebaki na gramafoni inayofanya kazi. Wamalwa alikuwa amevaa koti lake la kuendea harusi za watu. Aliishika santuri kifuani kwa mikono miwili, na kila aliyeingia alionyeshwa mahali jina lake lilipoandikwa.

"Soma hapa. Si unaona? Wamalwa. Imechapwa ng'ambo hii, bana. Ati Wazungu wanacheza mimi!"

Watu walicheka, wakampongeza. Nasike alikuwa ameketi na akina mama karibu na mlango, na chai ilikuwa imemwishia utamu mdomoni. Alikuwa mke wa Hesbon, na Hesbon alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Wamalwa, fundi wa redio na spika kule Kitale. Akishafunga duka, Hesbon alikuwa akiketi mbele ya kompyuta yake akitengeneza muziki wa hausi, ule wa disko ambao mdundo wake hauchoki wala haupumziki. Kampuni moja ndogo ya ng'ambo iliupenda wimbo wake mmoja, ikautoa kwa santuri. Krismasi Hesbon akamletea mzee nakala moja, imefungwa kwa karatasi ya maua, na mzee akaitundika ukutani kando ya kalenda.

Hesbon alimwambia sauti yake imo. Hakumwambia ni wimbo gani.

Nasike aliujua. Alikuwa amemwambia mumewe zaidi ya mara moja, "Baba Job, huu ni wimbo wa mto." Naye alikuwa akimjibu, "Na wewe, Mama Job! Siku hizi hata kanisani watu wanacheza." Sikio la kufa halisikii dawa, na la Hesbon lilikuwa limezibwa na spika.

Maana huko kwao kuna wimbo usioimbwa ovyo. Huimbwa asubuhi ya tohara tu, mvulana akitoka mtoni amepakwa tope, anarudishwa nyumbani kukikabili kisu. Hauimbwi shambani wala harusini, na mtu mzima hata kuupiga mluzi bafuni hathubutu. Ukisikika, watu hutoka nje wakatazame ni mtoto wa nani anayekuja. Na kutoka Sirisia mpaka Ndalu hapakuwa na mtu aliyeuongoza kama Wamalwa. Msimu mmoja Hesbon alimfuata mtoni alfajiri, simu imo mfukoni, na simu ilikuwa inanasa sauti.

Festus akaiweka sindano. Mdundo ukaanza, du, du, du, du, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuondoka. Wazee wakatabasamu. Mmoja akatikisa fimbo yake, watu wakamshangilia. Kisha mdundo ukakatika ghafla, na sauti ya Wamalwa ikatoka peke yake, pana, ya alfajiri, ikauita wimbo wa mto. Nyuma yake jogoo akawika, yule yule aliyewika siku ile mtoni.

Mke wa Festus alikuwa anapukuchua mahindi. Aliruka akakimbia mpaka barabarani kutazama ni mtoto gani anayekuja, mahindi yakamwagika. Mwili wake ulikwenda kabla ya akili. Alisimama pale, mkono juu ya macho, akatazama huku na huku. Barabara ilikuwa tupu. Akarudi polepole, bila kumwangalia mtu.

Hakuna aliyecheka tena. Tabasamu la Wamalwa lilibaki usoni kama kitu alichokisahau pale. Festus aliinyanyua sindano kwa haraka, ikamponyoka, ikarudi nyuma, na sauti ikauita wimbo mara ya pili. Hapo ndipo alipochomoa waya ukutani.

"Wamalwa," Festus akasema, na alikuwa rafiki yake tangu utoto, walitahiriwa msimu mmoja. "Umeuita mara mbili. Nani ametoka mtoni?"

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, vikombe vimejaa chai. Walipokwisha, Wamalwa akamgeukia Hesbon, aliyekuwa amesimama pembeni na kamera ya simu bado iko tayari mkononi.

"Ifute."

"Baba mdogo, hii haifutwi. Si kama simu. Imechongwa ndani ya plastiki."

"Ziko ngapi?"

"Mia tatu. Lakini zimeisha. Ziko kwa watu huko Ulaya."

"Kwa hivyo saa hii tunaongea, kuna mlevi huko ananifanya niite mtoto mtoni."

Hesbon akatazama viatu vyake.

"Mwezi wa nane Job wenu anaingia tohara," mzee akasema. Hakupaza sauti, na Nasike angeona heri mzee apige kelele. "Baba yako hayuko. Mimi ndiye nilikuwa nimtoe mtoni. Sasa nisikie. Zile zimetoka, zimetoka, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini isitoke nyingine, hata moja. Ikitoka nyingine, sitatia mguu Ndalu kwa mama yako. Mliuchukua wimbo bila mtoto. Mtamleta mtoto bila wimbo."

"Nawaandikia leo, baba mdogo. Haki ya Mungu."

Wamalwa akaupokea mkono wa Hesbon, lakini macho yake yalikuwa kwa Nasike. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

*

Mvua ilikuwa imeikalia Kitale wiki nzima, na Nasike alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule, kijana wa bodaboda alipomletea sanduku bapa lenye stempu za mbali. Alilikata kwa mkasi wake wa kazi. Harufu ya plastiki mpya ikamjaa puani. Zilikuwa santuri, nyekundu kama nyanya, na juu ya kila jalada palikuwa na picha ya Mzee Wamalwa mtoni, mdomo wazi, jicho limefumba nusu.

Alizirudisha sandukuni, akazitoa tena, kana kwamba picha ingebadilika.

Hesbon alipoingia na kuliona sanduku, uso wake uling'aa kwanza, ndipo akamwona mkewe.

"Baba Job, uliwaandikia?"

"Niliwaandikia."

"Uliwaambia wasitoe?"

Alivua koti la mvua, akalitundika, akalitazama likidondoka maji. "Niliwaambia asante."

"Hesbon!" Hakuwa na mazoea ya kumwita kwa jina.

"Sasa ungekuwa mimi ungefanya nini? Niambie! Miaka yote hii mimi ni wa kubeba spika za matanga. Katika Kitale hii yote hakuna mtu anajua mimi hufanya nini usiku. Halafu watu wanasema ile ya kwanza imeisha, bado inatafutwa, wanataka kuitoa upya. Upya, Mama Job! Nikatae?"

"Na Job?"

"Job ataingia kama wenzake. Baba mdogo hasira yake ni moshi, ikipata dirisha inaisha."

Nasike alitaka kusema kwamba moshi pia huua watu ndani ya nyumba, ila Job alikuwa ameingia, amelowa mpaka mkoba, na macho yake yalikuwa kwenye zile santuri nyekundu. "Baba, weka! Weka moja!"

Hesbon hakuhitaji kubembelezwa. Mdundo ukaijaza nyumba, vikombe vikatetemeka kabatini. Job alichukua sahani yake ya ugali akala amesimama. Mdundo ukakatika, sauti ya babu yake ikabaki peke yake, jogoo akawika. Hapo ndipo Hesbon alipojivunia kazi yake. Ule ukimya wa mdundo ulikuwa mrefu, alikuwa ameunyoosha kwa makusudi. "Naushikilia mpaka mtu ashindwe kupumua," alikuwa akipenda kusema. Kisha, bila onyo, mdundo ukaanguka tena na uzito wake wote.

Mabega ya Job yakaruka.

Yalikuwa yakiruka hivyo tangu akiwa mdogo wa darasa la nne. Hata akiwa amesinzia kwenye kochi, mdundo ukirudi mabega yanaruka yenyewe, na nyumba nzima ilikuwa ikicheka. Siku hiyo Hesbon alicheka. Nasike aliyatazama yale mabega membamba ndani ya sweta iliyolowa, asicheke.

Hesbon alipiga picha moja, ameishika santuri karibu na shavu, akaiweka kwenye simu watu waione. Kabla ya jua kuzama mjukuu mmoja wa Wamalwa, kule Sirisia, alikuwa amekwisha kumwonyesha mzee.

*

Agosti ilipofika, Job alishika chinyimba, zile kengele za chuma za kualikia jamaa, akazungukia koo zao akizigonga. Alifika Sirisia pia. Nasike alimngojea Ndalu, nyumbani kwa mama mkwe wake, Sellah. Mtoto alirudi jioni na kuku mweupe kwapani.

"Kuka Wamalwa amenipa," akasema. "Amenishika kichwa. Ameniambia sina kosa."

"Mungu ni mwema!" Nasike akasema, machozi yakamjaa. "Atakuja?"

Job akatoa kitu bapa kilichofungwa kwa karatasi ya maua. "Ameniambia nimpe baba hii. Amesema, mwambie, mwimbaji wenu ni huyu."

Ilikuwa ile santuri ya Krismasi. Haikuwa imevunjwa wala kukwaruzwa, hata vumbi lilikuwa limepanguswa. Sellah aliitazama, akatoka nje kwenda kuwafungia ndama.

Hesbon alianza kuzunguka Ndalu kutafuta mtu mwingine wa kuuongoza wimbo. Alimkuta wa kwanza akipalilia, akiimba kwa sauti nzuri kabisa. Aliposikia ni kushika nafasi ya Wamalwa, akaweka mkono kifuani. "Pole sana, ndugu. Nina kikohozi." Wa pili naye alikuwa na kikohozi. Wa tatu alianza kukohoa alipomwona Hesbon akipita langoni. Jioni aliporudi, viatu vimejaa matope, aliketi kwenye kigogo akazifuta lensi za miwani yake kwa muda mrefu.

"Nirudi kwake nikapige magoti," akasema.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda. Alinikaribisha chai. Aliniuliza habari za Kitale, habari za mvua. Nikianza kuongea ile maneno, anasema, ongeza sukari."

"Basi tumngojee Job msimu ujao," Nasike akasema. "Hata miaka miwili si mingi. Ama tumpeleke hospitali, kuna watu wengi wanapeleka."

Sellah alikuwa anachochea moto, akanyanyuka. "Mwanangu, mtoto akishazigonga kengele harudi. Atarudi awe nani?"

Nje, Job alikuwa akizigonga, na vijana wa kijiji wakimzunguka wakicheza. Alikuwa na furaha. Hiyo ndiyo iliyomuumiza Nasike kuliko yote.

*

Siku ya kuamkia tohara Sellah alimwingiza Nasike jikoni. Nyumba kubwa ya Ndalu ilikuwa ya matofali, lakini Sellah hakukubali jiko lake la udongo libomolewe, kwa sababu lilikuwa na nguzo ya kati. Hesbon alitahiriwa Sellah ameishika nguzo ile.

"Utaketi hapa. Miguu umenyoosha, mikono miwili hapa. Usitoke, usiongee, sauti yako isisikike. Ukiachilia nguzo, mtoto anatetemeka, na mtoto akitetemeka mbele ya kisu ni aibu ya maisha. Ukisikia kipyenga cha mtahiri, imekwisha, ndiyo unaachilia."

"Ndiyo, mama."

Alipotoka alimwona Hesbon juu ya ngazi, akivuta waya chini ya paa la nyumba kubwa. Spika mbili za matanga zilikuwa zimeelekezwa uani, na kati yake, juu ya meza iliyofunikwa kitambaa, palikuwa na mashine yake ya santuri.

"Baba Job. Ni ya nini hiyo?"

"Ya sherehe. Baadaye, watu wakila."

"Niangalie. Ni ya baadaye?"

"Si nimekwambia."

"Afadhali kimya. Nakuomba. Heri mtoto aje na kimya."

"Nimesikia, Mama Job," akasema, akaendelea kuvuta waya.

Asubuhi walimpeleka Job mtoni kukiwa bado na ukungu. Nasike aliketi, akanyoosha miguu, akaikumbatia nguzo. Ilikuwa laini kwa moshi na mikono ya wanawake waliotangulia. Sellah alisimama mlangoni amempa mgongo. Kutoka pale Nasike hakuweza kuona chochote, ilikuwa ni masikio tu.

Alisikia watu wakijaa uani. Alisikia ng'ombe. Baadaye alisikia miguu, mingi, ikipanda kutoka mtoni, na juu ya ile miguu hapakuwa na kitu. Hakuna wimbo. Walikuja kama watu wanaotoka kuzika. Aliuma midomo, akajiambia, na iwe hivyo, bora wafike, Mungu wangu, wafike tu.

Miguu ilipofika langoni, sauti ikapaa.

Ilikuwa ya Wamalwa. Pana, ya alfajiri, haina mfano nchi ile. Nasike alihisi damu ikimrudia mwilini. Amekuja! Mzee amekuja! Machozi yalimbubujika, akaliweka paji la uso kwenye nguzo, akacheka bila sauti. Akamwona Sellah mlangoni amenyanyua mikono mbinguni.

Kisha jogoo akawika.

Alimjua jogoo yule. Alikuwa amemsikia Kitale akishona, akipika, akipiga pasi, daima mahali pale pale, baada ya mstari wa pili. Jogoo wa mtoni, wa msimu ule mwingine. Kicheko kilimkauka. Hesbon alikuwa ameiweka sindano pale mdundo unapokatika, ili asikike mzee peke yake, ili watu wadhani ni heshima. Na uani hakuna aliyeitikia. Aliyeitikia alikuwa jogoo tu, mle mle ndani ya santuri.

Kwa hivyo ule ulikuwa ukimya wa mdundo. Ule mrefu. Na mwisho wake aliujua.

Atausimamisha, akajiambia. Hesbon si mjinga, ataitoa sindano kabla. Hapo akaisikia sauti ya mumewe katikati ya uwanja: "Simama, mwanangu! Tazama juu! Usiniaibishe!" Baba wa mtoto husimama mbele ya mtoto. Haondoki hapo mpaka kipyenga. Mashine ilikuwa peke yake.

Alitaka kupiga kelele, na kelele ya mama ni mwiko. Alimtazama Sellah, mgongo ule hautingishiki. Sauti ya mzee ilikuwa inapanda kwenye mstari wa mwisho. Yale mabega, Nasike akawaza. Mabega ya mtoto wangu.

Akaachilia nguzo.

Alimpita Sellah mlangoni, akatoka kwenye mwanga, akakimbia. Watu waligeuka. Meza ilikuwa pale, kitambaa, sahani nyekundu ikizunguka taratibu. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kuifikia sindano mdundo ulipoanguka.

Job alikuwa amesimama, amepakwa tope mpaka kope, macho mbinguni, amekauka kama alivyofundishwa. Mabega yakaruka. Kidogo tu, kama yalivyozoea. Mtahiri akakirudisha kisu nyuma.

Nasike aliinyanyua sindano. Mzee mmoja akatema mate chini. Macho ya watu hayakwenda kwenye spika, wala kwa Hesbon, wala kwenye ile sahani iliyokuwa bado inazunguka bure. Yalimjia yeye, kwenye mikono yake.

"Ameachilia nguzo," mwanamke mmoja akasema.

"Mama ametoka. Ndiyo maana."

"Nasike!" Sellah alilia kutoka mlangoni. "Nguzo, mwanangu! Nilikwambia nini?"

Alimtazama mumewe. Alingoja aseme. Neno moja lilitosha, na Hesbon alilijua, alilijua kuliko mtu yeyote pale. Aliitazama mashine yake, akawatazama watu, kisha Nasike akaona kitu kikilegea usoni mwake, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mama Job," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "kwa nini ulitoka?"

Job hakuteremsha macho. Tope lilikuwa limepasuka mistari miwili mashavuni. Mtahiri alikuwa anangoja.

Nasike akageuka, akapita katikati yao, na walimpisha njia pana kupita kiasi. Akaingia jikoni, akaketi, akanyoosha miguu, akaishika nguzo kwa mikono miwili, kwa sababu kipyenga kilikuwa bado hakijalia.